Chaja ya Dell inawasha laptop ila betri haijai: tatizo ni waya wa tatu, na hiyo betri ya sola tuiongelee

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana umeweka mambo matatu ndani ya sentensi moja, ngoja nilirudie kwa kifupi ili na wengine wenye shida kama yako wajue tunaongelea nini. Una Dell Latitude E7450 ya mtumba, chaja yake ya wati 65 ilikatika waya pale shingoni karibu na pini, ukampelekea fundi wa jirani na chuo akakata akaunga pini nyingine, na tangu siku hiyo laptop inawaka vizuri ila betri haijai, inakuandikia kwamba chaja haitambuliki, halafu imekuwa nzito kiasi kwamba ukibonyeza Word unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndo inafunguka. Pale alipounga panapata moto. Juu ya hapo unaenda likizo kwenu Ludewa, nyumbani hakuna umeme wa gridi ila kuna paneli ya sola ya wati 50 na betri ya gari N50, na unauliza kama unaweza kuunga laptop humo moja kwa moja.

Chaja yako haijafa. Fundi amekufungia waya wa nyaya mbili mahali panapotaka nyaya tatu, basi.

Chukua hiyo pini uimulike na tochi ya simu. Pini ya Dell ya aina hii, ile nene ya milimita 7.4, ina sehemu tatu: ganda la nje ni negativu, ukuta wa ndani ni positivu, na katikati kabisa kuna kasindano kembamba. Watu wengi wanadhani ile sindano ndo inapeleka moto, hapana, ile haipitishi umeme wa kuchaji hata kidogo, ni ya mazungumzo. Ndani ya boksi la chaja kuna kichipu kidogo cha kumbukumbu chenye taarifa kwamba hii ni chaja ya Dell, volti 19.5, ampia 3.34, wati 65. Ukichomeka, laptop inauliza kupitia ile sindano "wewe nani na una nguvu kiasi gani", kichipu kinajibu. Sasa jibu lisipokuja laptop inafanya kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi usiku na mtu asiyetaja jina, anaongea naye dirishani tu, mlango hafungui: umeme wa kuwashia inaupokea, betri haichaji, na prosesa inashushwa spidi ili isije ikavuta nguvu ambayo chaja haina. Kwa hiyo ule uzito wa Word sio virusi na usimruhusu mtu akupigie Windows upya kwa ajili hiyo, nimeshaona watu wanapoteza mafaili yao yote kisa waya mmoja mwembamba kuliko tambi.

Kuthibitisha ni rahisi. Zima laptop, chomeka chaja, washa ukiwa unabonyeza F2 pale nembo ya Dell inapotokea, ukiingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya laptop unaokuja kabla ya Windows, tafuta sehemu ya taarifa za betri, humo inaonyesha adapta iliyochomekwa ni ya wati ngapi. Chaja ikitambulika utaona 65. Isipotambulika haitataja wati zozote. Halafu kabla hujaanza kumlaumu fundi, azima chaja ya Dell ya mwenzako yenye pini ileile ambayo unajua ni nzima, ujaribu. Ikikubali, tatizo ni chaja yako. Ikikataa nayo, basi tatizo liko kwenye jeki ya laptop, yaani lile tundu, na kwenye Latitude nyingi hiyo jeki ni kipande chenye waya wake kinachochomoleka, hakijalehemewa kwenye ubao mkuu, kwa hiyo kukibadili ni kazi ya bisibisi tu.

Kwa maelezo yako lakini mimi naweka dau kwenye pini. Zile pini zenye mkia zinazouzwa madukani nyingi zina nyaya mbili tu, positivu na negativu, maana mtengenezaji amefyatua mkia wa aina moja wa kufungia kila laptop, ile sindano ya katikati ipo kwa sura tu, kwa nyuma haijaunganishwa na kitu. Fundi wako alifunga, akapima na mita ikasoma 19.5, akaridhika, akakurudishia. Mita haikumdanganya, ilijibu alichoiuliza.

Kwa hiyo unachotafuta dukani ni mkia wa Dell wenye nyaya tatu, na uuombe hivyohivyo kwa mdomo: "nataka pini ya Dell ya nyaya tatu, yenye waya wa katikati". Usikubali kuuziwa kabla hawajakukatia ncha ukaona kwa macho yako. Njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi ni kutafuta chaja ya Dell iliyokufa boksi, kila fundi ana ndoo ya mizoga hiyo, ukate waya wake mzima wenye pini orijino, mara nyingi unakuwa bora kuliko huo mpya wa dukani maana shaba yake ni nene.

Sasa kufunga. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi.

Chomoa chaja ukutani, subiri dakika chache. Kata waya inchi mbili hivi nyuma ya ule muungo wa zamani, usiutumie tena. Ukimenya ganda la nje la plastiki utakutana na nyuzi za shaba zilizo wazi zimezunguka kama sketi, hizo ndo negativu. Zikusanye zote upande mmoja uzisokote. Ndani yake kuna waya wenye ganda, mara nyingi mweupe, huo ndo positivu, na pembeni yake kawaya kembamba ambako mara nyingi ni ka bluu, huyo ndo msemaji wetu. Nasema mara nyingi kwa sababu rangi zinabadilika kulingana na kiwanda, usiziamini kama maandiko. Tandaza ncha tatu zikae mbalimbali, zibandike tepu mezani zisigusane, ndo uchomeke boksi ukutani upime: mita iweke kwenye DC 20, nyeusi kwenye zile nyuzi za sketi, nyekundu kwenye mweupe, unatakiwa uone 19.5 au karibu kabisa na hapo. Chomoa tena. Upande wa pini pima kwa mlio, ile alama ya dayodi au spika kwenye mita: ganda la nje lilie na waya gani, ukuta wa ndani na waya gani, sindano na waya gani. Kama sindano hailii na waya wowote, hiyo pini ni ya maonyesho, irudishe dukani.

Kosa ninalolifanya mpaka leo baada ya miaka yote hii ni kulehemu vizuri, kupendeza kabisa, halafu nagundua kale kampira kanakosinyaa kwa moto bado kako mezani. Kawekeni kwanza jamani! Kila waya upitishe kampira kake, na lile kubwa la kufunika wote kwa pamoja lipite kabla hujaunga chochote, uvisukume mbali na joto. Pia usiunge nyaya zote tatu mahali pamoja, kata kimojawapo kifupi kingine kirefu, miungo ipishane kama ngazi, hivyo hata mpira mmoja ukija kuchanika siku moja hakuna cha kugusana nacho. Hilo ni muhimu kwa Dell kuliko laptop nyingine kwa sababu kale kawaya ka bluu kakigusana na ile 19.5 hata kwa sekunde unaweza kuua kichipu cha kwenye boksi, au kibaya zaidi sehemu ya laptop inayosoma, na hapo tena sio kazi ya waya.

Pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 mpaka 60. Zile za wati 25 hazitoshi kwa shaba nene ya negativu, shaba inalinyonya joto lote, risasi inaganda juujuu kama uji uliopoa, ukivuta inabanduka. Pasha shaba yenyewe kwanza kisha mpe risasi, ikiyeyuka ikaingia katikati ya nyuzi mpaka ukaona umbo la nyuzi bado linaonekana chini ya mng'ao, hapo umefunga. Donge la kijivu lisilong'aa maana yake rudia.

Huna hivyo vimpira? Tepu ya umeme iliyo nzuri inatosha kwa ndani, volti 19 sio za kutisha, ila tepu hulainika gundi yake kwenye joto na kuanza kuteleza, kwa hiyo juu yake zungushia utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, uvute kwa nguvu wakati unazungusha, kama wanavyofunga mizigo ya mkaa. Hautelezi, haulegei, na unasaidia waya usikunjike ghafla palepale kwenye muungo. Wanaokuja dukani na chaja iliyofungwa soltepu ile ya kubandikia karatasi mimi nawasalimia tu, sina la kusema.

Na ule moto uliousema pale kwenye muungo usiupuuze. Fundi alisokota tu bila risasi, au risasi haikushika. Tuseme muungo mbovu una ukinzani wa nusu omu, kitu kidogo ambacho mita ya bei rahisi inaweza isikuonyeshe vizuri. Laptop ikivuta ampia 3.34 hapo zinapotea volti 1.7 hivi, na joto linalobaki kwenye muungo ni kama wati tano na nusu, ndani ya kitu chenye ukubwa wa punje ya haragwe. Ndo maana tepu inanuka. Laptop kitandani juu ya blanketi, muungo wa hivyo chini ya mto, usiku, sitaki hata kufikiria.

Ndo hapo utaelewa kwa nini kupima volti peke yake hakutoshi. Waya uliobakiza nyuzi tatu kati ya arobaini bado utasoma 19.5 safi kabisa ukiwa hauna mzigo. Mzigo wa kujaribia mimi natumia balbu mbili za indiketa za lori, zile za volti 24 wati 21, nimezifunga pamoja sambamba, kwenye volti 19.5 zinavuta kama ampia moja na nusu. Ziache dakika mbili huku unapima na kukunjakunja waya kuanzia kwenye boksi mpaka pini. Chaja nzima itashuka kidogo sana, inabaki juu ya 19. Ikiporomoka au balbu zikipepesa unapokunja sehemu fulani, umeshapajua palipokatika, na mara tisa kati ya kumi ni shingoni, ama pale waya unapotoka kwenye boksi ama pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ndipo tunapozungushia waya tukiwa tunakunja kuweka begini.

Tahadhari moja ya kupima pini za Dell na HP zenye sindano: ncha ya mita ni nene, ukiisukuma ndani ya pini itagusa ukuta na sindano kwa pamoja, na umeshafanya palepale kile nilichokukataza juu. Tumia klipu ya karatasi iliyonyooshwa au sindano ya kushonea, iteleze ukutani tu, ndo ushike mita kwenye hiyo klipu. Na kwa wenye Lenovo za pini bapa za mstatili, chaja zao ni volti 20, mita ya kawaida ukiiweka kwenye 20 inaweza kukuandikia 1 upande wa kushoto na kukaa kimya, watu wanatupa chaja nzima, kumbe ni 20.1 na mita imeishiwa nafasi. Ipeleke kwenye 200 utaona.

Kuhusu boksi lenyewe, hukuuliza ila najua utajaribiwa. Usilifungue. Lile boksi limegandishwa kiwandani, kulifungua ni kwa kisu na nyundo, na ndani kuna kapasita moja nene, kifaa cha kutunza umeme, inayobeba volti kama 325, kwa sababu umeme wetu wa 230 ukishanyooshwa unafika hapo. Chaja ikiwa imekufa upande wa pili ile kapasita inaweza kubaki na moto muda mrefu baada ya kuchomoa, haina pa kuumwagia. Mwaka wangu wa kwanza nilishika ubao wa chaja iliyochomolewa tangu asubuhi, mkono ukarudi nyuma wenyewe ukagonga ukuta, siku mbili kiwiko kinauma na niliowakuta ofisini wakacheka mpaka leo wananikumbusha. Sasa hivi namwagia kwa balbu ya zamani ile ya njano ya wati 60, nashikiza nyaya zake kwenye miguu ya kapasita, wengine wanatumia bisibisi, inalipuka cheche na kula miguu, tabia mbaya. Nikifungua mimi ni kwa sababu mbili: waya umekatikia ndani ya shingo ya boksi, au kapasita za upande wa kutolea, zile za volti 25, zimevimba vichwa. Fyuzi ya ndani ikiwa imeungua nyeusi, jua kuna kitu kikubwa kimekufa nyuma yake, kubadili fyuzi tu ni kuchoma fyuzi ya pili.

Ila kabla hujatangaza boksi limekufa anza na waya wa ukutani, ule wenye mdomo kama jani lenye matundu matatu, na fyuzi iliyo ndani ya plagi yake. Nimewahi kupokea chaja iliyosafiri kwenye basi kutoka mkoani, tatizo lilikuwa fyuzi ya plagi. Na kama taa ya boksi inawaka ila ukichomeka kwenye laptop inazima papo hapo, ukichomoa inarudi baada ya muda, hapo chaja inajilinda, shoti iko kwenye laptop.

Kuhusu kuazima chaja tofauti, maana naona umeuliza pembeni kama ya HP ya mwenzako inafaa. Volti zinasukumwa, ampia zinavutwa. Volti lazima zilingane au zikaribiane sana, nusu volti hivi haina neno kubwa, ampia za chaja ziwe sawa au zaidi ya zinazotakiwa, zikizidi laptop haidhuriki maana inajichotea yenyewe. HP za zamani ni 18.5 kwa 3.5, HP za pini ya bluu 19.5 kwa 3.33, Acer na Toshiba na Asus nyingi 19 kwa 3.42, ThinkPad za enzi za IBM zilikuwa 16, ndo maana huwezi kusema laptop zote ni sawa. Pini nene ya HP ya zamani inaingia kabisa kwenye Dell yako na laptop itawaka, ila lugha ya ile sindano ni tofauti, utarudi palepale pa betri kutojaa. Zile chaja za kila laptop zenye kitufe cha kuchagua volti 15 mpaka 24 mimi sizipendi, kitufe kinasogezwa na daftari ndani ya begi, unachomeka asubuhi iko kwenye 24.

Haya, Ludewa.

Kuunga laptop moja kwa moja kwenye betri, hapana, volti 12 hazifiki 19.5, haitawaka tu. Kuunga kwenye paneli moja kwa moja, hapana kubwa zaidi. Najua kinachowavutia watu, nyuma ya paneli ya volti 12 imeandikwa kwamba kwenye kazi inatoa kama 18, mtu anasema si ndo hizi za chaja. Isipokuwa na mzigo ile paneli inapanda mpaka 21 au 22, wingu likipita inaporomoka, laptop inawaka na kuzima kama taa ya disko. Betri mbili za 12 kwa mfuatano ni 25 zikiwa zimejaa, usithubutu. Kuna jamaa mmoja nimemwona kaunganisha betri ya 12 na kabetri ka 6 ka taa ya dharura, akapata 19 na pointi kidogo, Acer yake ikafanya kazi vizuri tu jioni nzima, akili nilimpa, lakini akisahau kuzitenganisha wakati zinachajiwa zinapanda mpaka 21 na zaidi, na kale kadogo ndo kanaisha kwanza. Wewe na Dell yako hata hivyo isingekusaidia, hakuna kichipu cha kujibu.

Hilo la kichipu ndo linaloamua. Kuna visakiti vya kupandisha volti, wauzaji wanaviita busta, unaingiza 12 unazungusha skrubu mpaka itoe 19.5. Vile vidogo vya chipu ya XL6009 vinavyouzwa kama njugu havitoshi, chipu yake inabeba ampia 4 upande wa kuingia, kwa uhalisia wati 30 tu tayari unakaanga yai juu yake. Kupata wati 65 kutoka kwenye 12 unahitaji kama ampia 6 kuingia, kwa hiyo ni kile kikubwa chenye mapezi ya alumini kilichoandikwa 150. Kwa mwenye Acer au Toshiba ya zamani ningemwambia nunua hicho, pima kabla hujachomeka, funga skrubu kwa gundi isisogee, maisha yaendelee. Kwa Dell yako kitawasha laptop, betri haitajaa na spidi itashuka. Unaweza kununua chaja ya gari iliyotengenezwa kwa ajili ya Dell, hizo zinakuwa na kichipu chao, ila ziwe za kweli.

Kwa hali yako mimi ningechukua inverta ndogo ya wati 300, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na kutumia chaja yako mwenyewe ikishatengenezwa. Ndiyo, unapoteza njiani, kutoka 12 kwenda 230 halafu kurudi 19.5, kati ya kila wati nne zinazotoka kwenye betri moja inapotelea hewani kama joto. Lakini chaja inaongea lugha yake na laptop inaridhika. Inverta hizi za bei rahisi hazitoi wimbi safi, chaja za laptop zinavumilia, unaweza kusikia kamlio kembamba na boksi kupata joto kidogo zaidi, liweke mahali penye hewa.

Hesabu yake iko hivi. Ukiwa unaandika na kusoma tuseme laptop inakula wati 25, kwenye betri zitatoka kama 33, ambazo ni karibu ampia 2.8. N50 ni ampia-saa 50 lakini ni betri ya gari, haikuumbwa kukaushwa, ukiizoesha kuishusha chini ya nusu itakufa ndani ya miezi. Kwa hiyo una 25 za kutumia, kama saa nane au tisa kwenye karatasi, ukitoa inavyokula inverta yenyewe na uzee wa betri, saa saba. Shida ni kuzirudisha. Paneli ya wati 50 siku ya jua zuri la saa tano, ukiondoa upotevu, inaleta wati-saa 175 hivi, ambazo ni saa tano za laptop, na hapo taa za nyumbani na simu za familia nzima hazijahesabiwa. Siku za ukungu, na huko kwenu milimani unaujua ukungu kuliko mimi, gawanya kwa mbili. Kwa hiyo chaji mchana jua likiwa kichwani, laptop ikiwa imezimwa au iko kazini, usingoje usiku, na inverta ukimaliza izime kabisa maana inakula hata ikiwa haina kitu. Mita yako ikisoma 12.7 betri ikiwa imetulia imejaa, ikisoma 12.2 umefika nusu, acha.

Inverta ifunge kwenye betri yenyewe, sio kwenye tundu la mzigo la chaji kontrola, lile boksi linalosimamia umeme kati ya paneli na betri, kale katundu hakajaandaliwa kwa mshtuko wa inverta kuwaka. Na usiwashe bila fyuzi. Betri ya gari ikipata shoti inatoa mamia ya ampia, waya unakuwa mwekundu kabla hujafikiria cha kufanya. Chukua fyuzi ya gari ya ampia 15, ile ya bluu, na kishikio chake, uiweke kwenye waya wa positivu karibu kabisa na betri, isizidi shibiri moja, kwa busta tumia ya 10, ile nyekundu. Nyaya ziwe nene na fupi. Ukiwa unafunga, negativu iwe ya mwisho, ukifungua iwe ya kwanza.

Kazi ya pini ifanye hukohuko chuoni kabla hujakata tiketi, ukishafika kijijini kutafuta pini ya nyaya tatu ni nauli nyingine. Ukimaliza kufunga ingia F2, ukiona 65 imeandikwa, rudi Windows uangalie betri inapanda, halafu shika muungo wako kwa vidole baada ya nusu saa. Uwe wa uvuguvugu tu kama waya mwingine wote.